Mjadala: Walimu wanaukataa mtaala mpya, au hatujui kuwauliza?

Mdodosaji
Wakuu, habari za jioni. Nasoma shahada ya uzamili ya elimu. Utafiti wangu ni mtazamo wa walimu wa shule za msingi kuhusu mtaala mpya wa Tanzania ulioanza Januari mwaka huu wa 2024. Nimekusanya madodoso katika wilaya moja, na karibu kila mmoja kaweka alama kwenye "nakubali" au "nakubali sana": mtaala ni mzuri, mafunzo yametosha, umahiri (yaani mtoto aweze kutenda, si kukariri tu) unaeleweka. Nikakaa na walimu hao hao wakati wa chai, maneno yakawa mengine kabisa. Naomba tuelezane bila kufichana: wanayaunga mkono mabadiliko haya au hawayataki? Na mimi niamini karatasi au mdomo?

Chaki Nyeupe
Hilo dodoso limepita wapi kabla ya kunifikia? Chuo kimeandika barua, mkoa umepokea, Mkurugenzi wa halmashauri kagonga mhuri, afisa elimu kasaini, mwalimu mkuu ndiye aliyenigawia, na ndiye atakayenikusanyia. Leo niandike kwamba mafunzo ya mtaala niliyopewa hayakutosha? Naweka "nakubali sana" kuanzia juu mpaka chini, narudi darasani. Jina halipo, sawa, lakini shule ina walimu saba na mwandiko wangu mkuu anaujua. Anza kuuliza hapo kabla hujauliza mtazamo.

Baba Neema
Tuambizane ukweli. Walimu wa nchi hii hawaupingi mtaala, wanaipinga kazi. Semina bila posho hawaji, dodoso bila soda hawajazi. Binti yangu yuko darasa la tatu, hao ni kati ya walioanza na mtaala huu, na daftari lake la sayansi lina kurasa tatu tangu shule zifunguliwe. Kwa mtaala huu shule ya msingi inaishia la sita, hivyo mtoto huyo atamaliza mwaka 2027, pamoja na wa la saba wa mfumo wa zamani, wote wagombee nafasi za kidato cha kwanza. Nani anaumia hapo, mwalimu au mtoto?

Binti Kilosa
Soda, Baba Neema? Soda?
Nina watoto zaidi ya mia kwenye chumba kimoja. Mafunzo ya MEWAKA, yale endelevu ya walimu kazini, tunayafanya hapo hapo shuleni baada ya vipindi, hakuna anayetulipa hata nauli. Kishikwambi kilichotoka kwenye sensa ninacho, bando naweka kwa mshahara wangu ili nipakue kitabu ambacho nakala zake hazijafika. Jioni naandika andalio la somo la muundo mpya, kesho afisa elimu kata anakuja anasema muundo umebadilika tena. Halafu mtu aliye nyumbani kwake anasema nimejaza dodoso kwa ajili ya soda.
Daftari lina kurasa tatu kwa sababu gani, umeshakwenda shuleni kuuliza?

Baba Neema
Nimekwenda. Mwalimu niliyemkuta aliniambia mwalimu husika yuko semina. Ndiyo hayo ninayoyasema.

Mzee wa Kasulu
Vijana, nimefundisha mpaka nimestaafu, nisikilizeni kidogo. Nilikuwa mwanafunzi Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa 1967. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 nikaona vijana waliomaliza la saba wakifanywa walimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, ili kila mtoto apate shule. Mwaka 2005 tukaambiwa mtaala wa maudhui ufe, uje wa umahiri. Mwaka 2015 ikaja KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, Kiingereza kikaondolewa darasa la kwanza na la pili. Sasa 2024 Kiingereza kimerudi darasa la kwanza. Mwalimu aliyeajiriwa 2004 ameshapinduliwa mara tatu, na kila mara anaambiwa kwamba alichokuwa akifanya jana hakikufaa. Mtu huyo hapingi. Anangoja aone kama hili nalo litafika miaka kumi.
Nawe mwanangu mtafiti, dodoso lako nadhani liko kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya tasnifu zenu. Wengi wa walimu wa msingi wanajaza bila kuelewa swali. Usishangae majibu kufanana.

Mwl wa Zamu
Mzee wangu, shikamoo. Hayo ya juu nayaheshimu, lakini ya mwisho umetudhalilisha. Mimi ni mwalimu wa msingi, nina stashahada, na Kiingereza nakifundisha. "Wengi" hao umewapimia wapi?

Mzee wa Kasulu
Marahaba. Sijasema wewe. Nimekuwa mratibu elimu kata, nimeona nilichokiona.

Fundi Sera
Tusiwalaumu walimu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, ile iliyozinduliwa Februari 2015, ilisema wazi kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Toleo la 2023 likatoka, sekondari ikabaki Kiingereza. Kati ya hapo ni mwalimu gani aliyeulizwa? Huyo anayemfafanulia mtoto fotosinthesisi kwa Kiswahili kwa kunong'ona kwa sababu ukutani kumeandikwa "Speak English", ndiye mwenye jibu la suala hili.

Wa Tengeru
Fundi, kila mtetezi wa Kiswahili ukimfuatilia, watoto wake wanapanda basi la njano kwenda shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wako wako wapi?

Fundi Sera
Wangu wako shule ya kata, wote wawili. Njoo nikupeleke. Na hata wangekuwa kwingine, sera ingekuwa imebadilika?

Wa Tengeru
Ingebadilisha imani yangu kwako. Mzazi wa kijijini anaona Kiingereza ndiyo njia ya mwanawe kupata kazi, ninyi mnamwambia asubiri mpaka vitabu vya fizikia vitafsiriwe.

Nyota ya Kakamega
Jirani zenu tumewahi kuyapitia. CBC, mtaala wetu wa umahiri, ilipokuwa inaanza huku Kenya 2019, chama cha walimu cha KNUT kiliwaambia walimu wasiende kwa mafunzo. Wengine wakasimamishwa kazi na TSC, tume inayoajiri walimu. Tangu hapo, mwalimu ukimuuliza CBC iko aje, atakuambia iko sawa. Hiyo "iko sawa" imenunuliwa bei ghali. Na KNUT yenyewe haikuwa imesema watoto wasisome. Ilisema tuko tayari lini, vifaa viko wapi.

Baba Neema
Kenya wana yao. Mimi narudi kwenye posho, maana mmeniruka. Kuna utafiti wa shirika la Twaweza, unaitwa KiuFunza, 2013 hivi. Walimu waliahidiwa bonasi mtoto akifaulu kusoma na kuhesabu, matokeo yakapanda. Maana yake walikuwa wanaweza siku zote, walikuwa wanangoja hela.

Chaki Nyeupe
Umeubeba nusu. KiuFunza ilikuwa na shule 350 kwenye wilaya 10, 2013 na 2014. Kundi moja shule zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto: peke yake haikuinua matokeo. Kundi jingine walimu wakaahidiwa bonasi tu, mabadiliko hayakuwa makubwa. Waliopata vyote viwili ndio watoto wao walisonga mbele kweli. Mwalimu mwenye ari asiye na vifaa anakwama, na vifaa bila mwalimu aliyetiwa moyo vinakaa stoo. Wewe umechukua neno bonasi ukaliacha neno ruzuku.

Baba Neema
Kwa hiyo nimesema uongo?

Binti Kilosa
Umesema nusu, na nusu hiyo ndiyo inayotuchafua. Mshahara unachelewa kupanda, daraja linakaa miaka, halafu nusu ya utafiti inageuzwa tusi.

Mdodosaji
Nashukuru wote. Dodoso langu kweli liko kwa Kiingereza, msimamizi alitaka hivyo. Nikilitafsiri, nikaweka bahasha ya kufunga kwa gundi na kila mwalimu akanirudishia mkononi, nitapata majibu tofauti?

Chaki Nyeupe
Utapata tofauti, ila usiishie hapo. Ingia darasani, kaa dawati la nyuma kipindi kizima. Utamwona aliyeandika "natumia mbinu shirikishi" akinakilisha ubaoni kwa sababu vitabu ni vinne. Usimwandike mwongo. Mwulize siku hiyo hiyo, baada ya kipindi, kilichomzuia. Na usiulize kama anaukubali mtaala. Uliza ni sehemu gani ameshaijaribu na ipi ameiacha.

Mwl wa Zamu
Kabla hajatafsiri, nataka Mzee wa Kasulu aseme hapa kama mwalimu wa msingi anaweza kusoma dodoso la Kiingereza au hawezi. Kizazi chenu ndicho kilichotufundisha.

Mzee wa Kasulu
Anayeweza yupo, asiyeweza yupo, na mwaka huu wote wawili wamepangiwa kufundisha Kiingereza darasa la kwanza. Mwandikie huyo asiyeweza swali kwa Kiswahili, atakueleza mwenyewe anahitaji nini.

Wa Tengeru
Tumerudi kule kule kwa Kiswahili. Fundi Sera, hiyo shule ya kata iko wilaya gani?