Kipindupindu kikiingia mtaani, mbona mama wa chapo ndiye wa kwanza kufungiwa?

Wadau, tuchambue hii bila matusi. Kuna ndugu yetu anasema afisa wa afya ya umma kazi yake ni kuzuia ugonjwa basi, mambo ya haki za wanyonge awaachie wanaharakati na wanasiasa. Mimi nakataa, na nitasema kwa nini.

Kipindupindu kikisikika tu, sisi wa mitaa ya mabati tunajua kitakachofuata. Askari wanashuka, karai la viazi linapinduliwa, mama wa chapo anaambiwa afunge, hana cheti cha afya wala maji ya bomba. Sawa, ni kweli hana, na chakula kichafu kinaambukiza, hapo sibishani na mtu. Lakini hayo maji angetoa wapi? Ananunua kwa jerikeni ya lita 20, na yanakuja na vile vipaipu vya plastiki vimelazwa ndani ya mtaro, vimefungwa na kipande cha mpira pale vilipopasuka, sasa presha ikishuka paipu inavuta chochote kilicho nje, na kilicho nje ni kinyesi maana choo cha ploti, kimoja watu kibao, kimejaa na kinamwaga hapo hapo. Kibera, pale Nairobi, kuna mahali watu walichoka na hiyo stori wakapitisha paipu juu kwa nguzo kama nyaya za stima.

Na msiniambie eti sheria hakuna. Sheria ya Afya ya Umma ya Kenya, Sura 242, inamruhusu afisa kumwandikia mwenye nyumba notisi aondoe uchafu unaohatarisha afya, akikaidi apelekwe kortini. Haya, ni landlodi yupi mlisikia amesimama kizimbani kwa sababu ya choo? Lakini sheria hiyo hiyo kwa mnyonge ina meno balaa. Mwaka wa 2010 kule Kapsabet wagonjwa wa TB waliokatiza dawa walitupwa jela, amri ilikuwa miezi 8, yaani mgonjwa wa kifua unamsukumia kwa seli iliyojaa watu halafu unasema unalinda umma! Ilibidi Mahakama Kuu iseme 2016 kwamba kuwafunga gerezani kulikiuka Katiba. Katiba yenyewe, Ibara ya 43, imetaja afya, maji safi na usafi wa makazi pamoja. Kwa hivyo huyo afisa akidai maji hajaingilia siasa, yuko kazini.

Ugumu ninaouona mimi uko kwingine. Afisa ameandikwa kazi na kaunti, na kaunti hiyo hiyo ndiyo inafaa kuleta maji, atamshtaki bosi wake vipi? Halafu kuna wale wahudumu wa afya wa jamii, zaidi ya laki moja, waliozinduliwa Septemba 2023, posho yao shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu serikali kuu nusu kaunti. Mhudumu huyo anajua choo gani kinamwaga, anajua mtoto wa nani anaharisha, lakini amepanga chumba kwa ploti hiyo hiyo! Akiripoti leo, kesho landlodi amemfungia nyumba kufuli.

Sasa wewe unayesema afisa asiguse mambo ya haki, nijibu hili tu: umefika mtaani, umekuta choo kinamwaga kwa mtaro, paipu iko ndani ya mtaro, mama anapika hatua chache kutoka hapo. Una notisi moja mkononi. Unamwandikia nani?