Chati ipi ituongoze kugawa akiba kati ya hisa, hatifungani na dhahabu?

Kilindini80 (Mombasa)

Ndugu wanajukwaa, nina akiba ambayo sitaigusa kwa miaka kumi, na ninataka kuigawa kati ya hisa za Soko la Nairobi, hatifungani za Serikali, na dhahabu kupitia mfuko wa NewGold ulioorodheshwa Nairobi tangu 2017. Nimechora chati za aina tatu, nazo zinanipa majibu yanayopingana. Ya kwanza inaanzisha mali zote kwenye 100 ili nione ipi imekua zaidi. Ya pili inagawa bei ya hisa kwa bei ya dhahabu, hivyo mstari ukipanda ninajua kwamba hisa zinaishinda dhahabu. Ya tatu ni chati ya anguko, inayoonyesha kila mali imeshuka kwa asilimia ngapi kutoka kilele chake. Ninaomba mnisaidie kuamua ipi iongoze mgawanyo.

Hesabu_Morogoro

Ndugu Kilindini, chati ya kwanza hupendwa kwa sababu inasomeka upesi, lakini tarehe ya kuanzia ndiyo inayoamua mshindi. Ukiianza Safaricom mwaka 2008, ilipouzwa kwa umma kwa Sh5, utaona mali iliyokuza mtaji mara kadhaa. Ukiianza mwaka 2021, ilipopita Sh40, utaona mali iliyofika chini ya Sh15 mwishoni mwa 2023, na kampuni ni ileile. Tumia pia skeli ya logi, ambayo mabadiliko ya asilimia sawa huonekana kwa ukubwa sawa, kwa sababu kwenye skeli ya kawaida kupanda kutoka 20 hadi 40 kunaonekana kukubwa mara nne kuliko kupanda kutoka 5 hadi 10, ilhali kwa mwenye fedha zote mbili ni kujirudia mara mbili.

Kosa kubwa zaidi, na ninalisema kwa uchungu kwa kuwa nimelifanya mwenyewe, ni kuchanganya sarafu. Kati ya mwisho wa Januari na mwisho wa Machi 2024, wakia moja ya dhahabu ilipanda kutoka karibu dola 2,040 hadi zaidi ya dola 2,200. Katika miezi hiyohiyo dola ilishuka kutoka takriban Sh160 za Kenya hadi kama Sh131, na kwa hiyo Mkenya aliyeshika dhahabu alipoteza karibu sehemu moja ya kumi kwa shilingi, huku chati ya dola ikimpongeza. Kama karo na kodi ya nyumba unalipa kwa shilingi, chora kila kitu kwa shilingi.

Mzee_wa_Mnada (Dar es Salaam)

Ninaongeza kuhusu hatifungani, kwa sababu hapo chati ya bei karibu haisemi lolote. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilileta hatifungani ya miaka 25 yenye kuponi, yaani riba ya mwaka, ya asilimia 15.95, na mwaka uliofuata kuponi ya muda huohuo ikapunguzwa hadi asilimia 12.56. Waliokuwa na ile ya zamani waliweza kuiuza kwenye soko la pili, yaani kwa wawekezaji wengine, kwa bei ya juu kuliko thamani ya usoni, yaani kiasi ambacho Serikali hurudisha muda ukiisha, na hilo chati ya bei italionyesha. Lakini faida yenyewe imo kwenye kuponi: ukiziwekeza upya kwa kiwango hichohicho cha asilimia 15.95, mtaji unajirudia mara mbili kwa chini ya miaka mitano, wakati mstari wa bei umelala karibu na 100. Kwa hiyo jumlisha kuponi na gawio kabla ya kulinganisha chochote.

Tena msiamini mstari ulionyooka. Katika masoko yetu zipo hisa zinazopitisha siku nyingi bila muamala hata mmoja, na bei inabaki ileile kwa kuwa hakuna aliyenunua wala kuuza. Mtu akitazama chati anaona utulivu. Siku akitaka kuuza ndipo anagundua kwamba hakuna mnunuzi kwa bei hiyo.

Pwani_Tanga

Mzee wangu, shikamoo. Mimi ninatetea chati ya nne ambayo haijatajwa, yaani wastani wa bei za miezi kumi iliyopita: bei ya mwisho wa mwezi ikiwa juu ya wastani ninabaki, ikiwa chini ninapunguza. Imenizuia kung'ang'ania mali inayoporomoka.

Mzee_wa_Mnada (Dar es Salaam)

Marahaba. Kwa dhahabu, ambayo bei yake hutoka kwenye soko la dunia kila siku, njia hiyo ina mantiki. Kwa hisa zisizouzwa mara kwa mara wastani huo unajengwa juu ya bei zilizopitwa na wakati, na kila ukitoka na kurudi unamlipa dalali pamoja na tozo nyingine.

Hesabu_Morogoro

Kwa swali la msingi, mimi ningeipa uongozi chati ya anguko, na ningetazama urefu wa muda pamoja na kina chake. Anguko la asilimia 60 linahitaji kupanda asilimia 150 ili urudi ulipokuwa. Faharisi ya Nikkei, kipimo cha bei za hisa za Japani, ilifika kilele Desemba 1989 na haikukipita hadi Februari 2024, miaka 34 baadaye. Dhahabu nayo ilishuka kutoka karibu dola 850 Januari 1980 hadi takriban dola 250 mwaka 1999. Ndugu Kilindini ana miaka kumi tu.

Kilindini80 (Mombasa)

Ninawashukuru sana, Mwalimu, Mzee na ndugu yangu wa Tanga. Nimechora upya kwa shilingi, pamoja na gawio na kuponi. Kwa kuwa Safaricom pekee ilianguka zaidi ya asilimia 60, ninachukulia kwamba hisa zangu zote zinaweza kufanya hivyo kwa pamoja. Nikiziweka asilimia 30 ya akiba, anguko kama hilo litanipunguzia asilimia 18 ya akiba yote, kiasi ninachoweza kukivumilia bila kuuza kwa hofu; nikiziweka asilimia 60 litaondoa 36, na hapo ninajijua nitauza. Dhahabu itapata 10, na zinazobaki zitaingia kwenye hatifungani ambazo muda wake hauvuki miaka kumi. Chati ya hisa kwa dhahabu nitaitazama mara moja kwa mwaka, wakati wa kurudisha kila upande kwenye kiwango chake.