Naomba ushauri: jaribio la Bell (la kupima mfungamano wa kwanta wa fotoni), S, yaani kipimo cha uhusiano wa fotoni pacha, imekwama 1.94

Wakuu, naombeni msaada. Leza ya nanomita 405 inapiga fuwele mbili za BBO (bariamu borati, inayogawa fotoni moja kuwa mbili), kila moja unene wa milimita 0.5, zimepishanishwa nyuzi 90. Fotoni pacha za nanomita 810 zinapita polaraiza (vichujio vya mwelekeo wa mtetemo wa mwanga) hadi kwenye vigunduzi. Kwa wima na mlalo visibiliti (tofauti ya hesabu ya juu na ya chini ya fotoni pacha, ikigawanywa kwa jumla yao) ni asilimia 97, ila kwenye nyuzi 45 inaporomoka hadi 40. Ndiyo maana S haivuki 2, na bila kuvuka 2 mfungamano wa kwanta haujathibitika kwa CHSH (toleo la jaribio la Bell linalotumia S). Fotoni za kubahatisha (zinazogunduliwa pamoja bila kuwa pacha) si tatizo, zingeshusha pande zote mbili. Nashuku fazi (hatua ya wimbi la mwanga): jozi za fuwele ya kwanza zinapishana kimuda na za pili. Nianze na kipande cha kwatsi kabla ya BBO ili kusawazisha muda huo, au nibane matundu mbele ya vigunduzi? Kwatsi ya unene gani?