Naomba ushauri: sindano ya joto la ng'ombe na mjamzito nyumbani

Assalaam aleikum jamani. Niko Wete, nina ng'ombe wa maziwa na daktari wa mifugo anakuja kuwapiga sindano ya kloprostenoli waingie joto (watake dume) pamoja ndo tuwahimilishe, yaani tuwatie mbegu kwa mrija. Sasa hii dawa inapita kwenye ngozi nzima bila hata jeraha, inaweza kuharibu mimba ya mtu na mwenye pumu inambana kifua, na mke wangu ni mjamzito halafu yeye ndo mkamuaji, ng'ombe wamemzoea wakimuona tu wanatulia. Nishamwambia siku hiyo asikanyage bandani, na mdogo wangu mwenye pumu nae hashiki kamba. Glavu ninazo, maji na sabuni vitakuwepo papo hapo ikimgusa mtu. Kinachonisumbua ni lile tone linalobaki kwenye manyoya sindano ikichomolewa, ng'ombe akipiga mkia linaruka tu. Mnapafutaje pale? Na mke wangu arudi kukamua baada ya muda gani? Glavu na vichupa mnatupa wapi, maana watoto huku wanaokota kila kitu wachezee. Wenye uzoefu nisaidieni kabla daktari hajafika, mie sitaki kubahatisha kabisa.