Mrejesho: Msingi wa nyumba inayoletwa tayari, Gungu Kigoma

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuandaa kiwanja chenye mteremko hapa Gungu kwa ajili ya nyumba inayoundwa kiwandani na kuletwa nzima kwa lori. Msingi umekamilika, asanteni sana.

Kazi kubwa ilikuwa udongo. Tulitoa tabaka lote la juu lenye mizizi, kisha moramu (udongo wa changarawe) ikamwagwa kwa matabaka ya sentimita 15, kila moja likinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya linalofuata. Fundi alitaka kuijaza yote kwa mkupuo. Nilikataa, maana kifusi kikititia baadaye, jamvi (sakafu ya zege) linapasuka.

Mabomba ya maji taka na dawa ya mchwa vilitangulia, juu yake nailoni, halafu zege la 1:2:4 (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne). Tulipima kona kwa kona kimshazari hadi vipimo vyote viwili vikalingana, kwani bolti za kufungia nyumba kwenye msingi zikipishana na matundu ya nyumba hakuna namna. Zege tunalimwagilia asubuhi na jioni. Nguvu yake hupimwa siku ya 28, na lori haliji kabla ya hapo.

Aliyenikumbusha mfereji wa kukinga maji ya mlimani, Mungu ambariki. Umeshajengewa mawe. Imebaki kupanua kona ya barabara ili kreni ipite.