Mama anakuja kutoka Kisumu: Commissary, PX au Costco?

Askari_wa_Nyando
Wakuu, habari za jioni. Mama anatua mwezi ujao na atakaa kwangu miezi mitatu. Mimi nimezoea kula mesi, sasa itabidi jiko liwake kila siku. Ninunue wapi vyakula na vitu vya nyumba: Commissary ya kambini (duka la vyakula la jeshi la Marekani), PX (duka la jeshi la bidhaa nyingine), au nilipie uanachama wa Costco (duka la raia la bei ya jumla)? Halafu shangazi zangu wanamtumia hela anunue laptop mbili na simu. Nasikia PX haina kodi. Mama anaweza kuingia na kununua mwenyewe kwa kitambulisho changu? Nataka kuamua wiki hii.

BintiMvita
Ndugu, umetupa robo ya habari. Uko jimbo gani? Uko kazini muda wote, Guard au Reserve (askari wa muda), au umeshatoka? Mama ana viza gani? Na je, ameandikishwa DEERS (daftari la wanajeshi na wategemezi wao) kama mtegemezi wako au ni mgeni tu? Bila hayo tunapiga ramli.

Ninaloweza kukujibu sasa ni hilo la kitambulisho: hapana. Kadi hupigwa skana kaunta na ni ya mwenye picha. Ukimwachia mama aitumie, kosa ni lako, si lake.

Dada_Stoo
Tuanze na hesabu, maana watu hupenda kusema "Commissary ni rahisi" bila kalamu. Zamani Commissary iliuza kwa bei ileile iliyonunulia. Sheria ililegezwa, siku hizi bei za rafu hupanda na kushuka kwa kuangalia maduka jirani. Kilichobaki palepale ni nyongeza ya asilimia 5 juu ya jumla ya risiti. Siyo kodi. Ni hela ya kujenga na kukarabati maduka yenyewe.

Ndiyo maana jimbo ni muhimu. Kama jimbo lako halitozi kodi vyakula, basi bei ya rafu ya Commissary lazima iwe chini ya Walmart (duka kubwa la raia) kwa karibu asilimia 4.8 ndipo mtoke sare. Nyama, jibini na maziwa mara nyingi hupita hapo. Mchele wa mfuko mkubwa, mara nyingi haupiti.

Mkono_Mtupu
Mnampotezea muda. Costco. Mwisho wa habari. Mafuta ya kupikia, mchele, kuku, karatasi za chooni, unanunua mara moja mwezi mzima.

Dada_Stoo
@Mkono_Mtupu uanachama ni dola 65 kwa mwaka, na anakula na mama yake tu. Watu wawili watafanya nini na galoni ya mayonezi? Na Costco nako ni hadithi ileile: unaruhusiwa wageni wawili, lakini anayelipa ni mwanachama. Mama hatapata uhuru wowote ambao Commissary inamnyima.

Askari_wa_Nyando
Samahani wakuu. Niko Fort Bliss, El Paso, kazini muda wote, cheo E-4, sijaoa. Mama ana viza ya matembezi, B-2. DEERS hayupo. Na nimesahau: katikati ya ziara yake nitakuwa porini kwa mazoezi wiki tatu.

BintiMvita
Hilo la wiki tatu ndilo ulipaswa kuanza nalo!

Dada_Stoo
Sawa, Texas. Mchele, nyama, mboga, mayai, mkate: hakuna kodi ya mauzo. Soda, peremende, sabuni, dawa ya kufulia, sufuria: asilimia 8.25 hapo El Paso. Kwa hivyo kwa vitu vya kundi la pili Commissary inakufaa hata kama bei ya rafu iko juu ya Walmart kwa asilimia 3, kwa sababu wanunuzi wa Walmart wanalipa 8.25 na wewe 5. PX ndiyo kabisa: hakuna kodi wala nyongeza. Sufuria, blanketi na pasi nunua PX.

Kifaru_Mpole
Ongeza nepi hapo kwenye vitu vya kodi.

Dada_Stoo
Texas ilifuta kodi ya nepi Septemba 2023. Na mama yake hahitaji nepi 😄

KitengeChaTano
Kuhusu mama kuingia: kwa kawaida anaingia dukani kama mgeni wako. Asukume toroli, aminyeminye parachichi, achague samaki. Kaunta unatoa kitambulisho wewe na unalipa wewe. Migahawa iliyo ndani ya PX ni tofauti, humo mgeni aliyekwisha kuingia kambini hununua chakula chake bila shida. Na hapo Bliss mna Freedom Crossing, eneo zima la maduka ya wazi na sinema, atapata pa kutembea.

Tatizo liko getini, siyo dukani. Hapa nieleze kirefu, kwa sababu familia nyingi hunaswa palepale.

Kuna askari mmoja, kambi siitaji. Alimpokea baba yake uwanja wa ndege Ijumaa usiku, Jumamosi jioni akaweka oda ya Commissary ya kuchukua ukiwa ndani ya gari, kilo kadhaa za kuku wa barafu na aiskrimu, saa ya kuchukua saa kumi na moja. Akajiambia: mimi nina kadi, abiria wangu wanapita nami, kama marafiki zake Wamarekani wanavyopita. Ule utaratibu wa mwenye kadi kuwadhamini abiria kwa kawaida hauwahusu raia wa kigeni. Mlinzi akaona pasipoti ya nje, akawaelekeza ofisi ya wageni. Ofisi ilikuwa imefungwa. Hata ingekuwa wazi, jina la mgeni huchunguzwa kwanza kwenye kumbukumbu za polisi, na kwa raia wa kigeni kambi nyingine hutaka taarifa siku kadhaa kabla. Akamwacha mzee kwenye mgahawa wa baga nje ya geti, mtu aliyetua jana, hana laini ya simu, hajui hata jina la barabara. Akakimbilia oda. Jina kwenye oda lilikuwa lake, hivyo hakuweza kumtuma mwenzake asiye na kadi. Foleni ikamkamata. Kurudi, mzee hayupo, ametoka kumtafuta kwa miguu. Wakaonana baada ya saa moja na nusu. Aiskrimu ilishakuwa uji.

Kwa hivyo: piga simu ofisi ya wageni ya Bliss wiki mbili kabla. Uliza saa za kazi, uliza kuhusu raia wa kigeni, uliza kama kibali ni cha siku moja au cha muda wote wa ziara, na kama lazima uwe naye kila hatua. Beba pasipoti yake, viza, na I-94 (rekodi ya kuingia Marekani) iliyochapishwa kutoka mtandaoni. Usichukue jibu la mtu wa kambi nyingine, mimi nikiwemo. Kila kamanda ana masharti yake.

Mzee_wa_Kaiserslautern
Shukuruni mko Marekani. Huku Ujerumani mambo ni ya forodha. Kahawa, sigara na pombe kali tunapimiwa kwa kadi ya mgawo, na kumpa bidhaa isiyolipiwa ushuru mtu asiye na haki ni kesi na Zoll (forodha ya Ujerumani), siyo kukemewa na sajenti tu. Hata zawadi ina mipaka.

Kifaru_Mpole
Swali: kwa nini asimfanye mama kuwa mtegemezi rasmi? Apate kadi yake, anunue hata wiki zile tatu.

BintiMvita
Kwa ziara ya miezi mitatu? Hapana. Utegemezi wa mzazi huamuliwa na DFAS (ofisi ya fedha ya jeshi), fomu ni DD 137-3. Lazima uonyeshe kwamba zaidi ya nusu ya matumizi ya mama yanatoka kwako, na kwamba kipato chake mwenyewe hakifiki nusu ya matumizi yake. Kodi ya nyumba, chakula, dawa, nauli, vyote kwa karatasi, pamoja na ushahidi wa hela ulizotuma. M-Pesa ya "mama pokea" isiyo na kumbukumbu zilizopangwa itakusumbua. Ikikubaliwa ndipo unaenda RAPIDS (ofisi ya vitambulisho vya jeshi) na fomu DD 1172-2 kupata kadi. Mama atakuwa ameshapanda ndege kurudi.

Ila kama kweli unamtunza mwaka mzima, anza mchakato kwa ajili ya baadaye. Una posho ya nyumba ya mwenye wategemezi kwenye mizani, hilo ni kubwa kuliko bei ya maziwa. Mzazi hapati TRICARE (bima ya afya ya jeshi) ya kawaida, ingawa anaweza kutibiwa hospitali ya jeshi nafasi ikiwepo.

Mkono_Mtupu
Wiki tatu za porini zina dawa fupi: barua ya uwakala. Anaandikiwa mtu wa kumnunulia.

BintiMvita
Barua ya uwakala ipo, lakini imewekwa kwa mwenye haki asiyeweza kwenda dukani mwenyewe, mfano mgonjwa, na huombwa kambini kwa sababu. Hata akipewa, mama bila wewe atapitaje getini? Friza ijazwe kabla hujaondoka: kuku wakatwe, wafungwe mafungu ya mlo mmoja mmoja. Mboga na maziwa aletewe na Walmart nyumbani, weka kadi yako kwenye akaunti.

Dada_Stoo
Na siku ya kujaza friza uwe na noti za dola moja na tano. Wale wanaokufungia na kukusukumia mizigo Commissary hawana mshahara, wanaishi kwa bakshishi. Watu wetu wengi hawajui, wanasema asante na kuondoka.

Askari_wa_Nyando
Asanteni sana. Na laptop za shangazi?

KitengeChaTano
Zawadi unayonunua kwa hela yako na kumpa mama, ruksa. Kupokea hela za shangazi na kuwanunulia PX, hapo unamnunulia mtu asiye na haki. Ukiongeza cha juu hata dola kumi, ni biashara. Kinachofuata ni kunyang'anywa haki ya kununua na mazungumzo na kamanda wako.

Mkono_Mtupu
Nani atajua? Laptop mbili!

KitengeChaTano
Atajua aliyekosana na wewe. Na faida yenyewe: laptop ya dola 900, kodi ni dola 74.25. Mbili hazifiki 150. Cheo chako unakiuza kwa bei hiyo?

Mama anunue mwenyewe duka la kawaida. Texas ina utaratibu wa kumrudishia mgeni wa nje kodi ya mauzo kwa bidhaa anazoondoka nazo: risiti, pasipoti, tiketi, na bidhaa zenyewe zionekane. Anunue ndani ya siku 30 za mwisho kabla ya safari, siyo wiki ya kwanza. Wanaorudisha hukata ada yao, lakini ni hela safi.

Kifaru_Mpole
Simu angalieni. iPhone za Marekani kuanzia 14 hazina tundu la laini, ni eSIM tupu (laini ya kidijitali isiyo na kadi). Safaricom wanayo, lakini shangazi wa kijijini anayebadilisha laini tatu atakulaani. Na blenda msithubutu: huku ni volti 120, nyumbani 240. Chaja ya laptop imeandikwa 100–240, hiyo unabadilisha plagi tu.

Mzee_wa_Kaiserslautern
Tanzania walifuta msamaha wa kodi wa maduka ya majeshi kwenye bajeti ya 2016/17, wakaahidi posho badala yake. Naona ni bora, hakuna mambo ya shangazi.

Mkono_Mtupu
Posho inaliwa na mfumuko wa bei. Duka halili mtu.

Dada_Stoo
Tusihamie siasa. Askari, mama atataka ugali. Commissary chukua unga mweupe wa mahindi wa kawaida. Soma pakiti: ukiona "Self-Rising" rudisha, una hamira ya unga na chumvi, ugali utatoa povu.

Kifaru_Mpole
Maseca je?

Dada_Stoo
Maseca ni unga wa mahindi yaliyochemshwa na chokaa. Unanata na harufu ni ya tortilla.

Mkono_Mtupu
Changanya nusu kwa nusu, hatajua.

BintiMvita
Mama wa Kisumu hatajua ugali?? Na sukuma mtapata, ni "collard", shina ni nene, likate kwanza.

Askari_wa_Nyando
Nimepiga ofisi ya wageni, simu inaita tu. Na mama anasema huenda akaja na dada yake. Costco si wageni wawili mlisema?