Kitako cha kukunja au kizima kwa bunduki ya masafa marefu?

Msukuma_Colorado

Wakuu habari zenu, naomba ushauri hasa kwa nyie mnaopiga shabaha za mbali huku Marekani. Nina bunduki ya Remington 700 SPS ya risasi za 6.5 Creedmoor, mtutu inchi 24, fundi kanikatia uzi mbele nafunga sailensa. Bado iko kwenye kile kitako cha plastiki ilichotoka nacho kiwandani na kiukweli kimenichosha, ukiisukuma bipodi (ile miguu miwili ya mbele) kwa bega kidogo tu mkono wa mbele wa kitako unapinda unagusa mtutu, hapo risasi zinaanza kutawanyika bila mpangilio. Kwa hiyo kubadilisha nabadilisha, hilo limeshapita na mama watoto kashabariki bajeti.

Sasa nimekwama hapa: nichukue chesisi, yaani fremu ya alumini inayobeba bunduki, yenye kitako cha kukunja au nichukue kitako kizima? Matumizi yangu ni mawili. Kwanza shabaha za chuma, mara nyingi tunashuka na washkaji mpaka Raton kule New Mexico, uwanja wa shabaha wa Whittington Center, pale kwenye yule nyati mweupe wa chuma wa yadi 1,123 ambaye kila mtu anataka kumgonga. Pili Oktoba napanda milimani kuwinda elki (kulungu wakubwa wa huku), mkoba mgongoni, kutembea kweli kweli sio kuwinda karibu na gari. Nimesikia wengine wanasema bawaba ya kukunjia kitako inaua shabaha, wengine wanasema ni maneno tu. Ya kukunja imezidi bei na uzito. Nisaidieni wakuu, sitaki kununua mara mbili.

FundiMitutu_TX

Mkuu karibu. Mimi kazi yangu ndo hii, nafunga mitutu na vitako kila siku, kwa hiyo nikupe upande wa ufundi, wa kubeba watakuja wenzangu.

Kwanza tuondoe hiyo ya kwamba bawaba inaua shabaha. Mtutu umefungwa kwenye mwili wa bunduki, darubini nayo imefungwa juu ya huo huo mwili, bawaba iko nyuma ya vyote viwili. Ukikunja ukakunjua mara mia, uhusiano wa mtutu na darubini haujaguswa, siro yako, yaani ule ulinganifu wa darubini na risasi, iko pale pale. Kinachoguswa ni shavu lako na bega lako. Bawaba ikiwa na mchezo, hata mdogo, kichwa chako hakikai sehemu moja nyuma ya darubini, na kwa mbali jicho likihama kidogo tu ule msalaba wa ndani ya darubini unahama juu ya shabaha kama hujaweka parallaksi sawa (kurekebisha darubini kwa umbali wa shabaha), alafu na bega nalo linasukuma tofauti kila risasi. Hapo ndo watu wanasema kukunja kunaharibu, kumbe ni bawaba mbovu. Accuracy International wa kule Portsmouth Uingereza, kampuni aliyoianzisha Malcolm Cooper na wenzake, yule aliyechukua dhahabu ya Olimpiki 1984 na 1988 kwa bunduki, wanatengeneza za kukunja miaka mingi na jeshi lao limetumia bunduki ya wadunguaji ya L115A3 ambayo kitako chake kinakunjwa. Ingekuwa kukunja peke yake ni tatizo wasingeigusa.

Jinsi ya kupima ukiwa dukani, usione aibu kuomba. Hakikisha bunduki haina risasi, iweke kwenye bipodi na mfuko wa mchanga nyuma, ielekee sehemu salama, kitako kiwe kimekunjuliwa na kimejifunga. Angalia ndani ya darubini chagua kitu kidogo cha mbali, alafu kwa mkono mmoja shika mwisho kabisa wa kitako pale kwenye raba ukisukume kushoto kulia taratibu, sio kwa nguvu. Kama bunduki nzima inahama pamoja na mkono wako, safi. Kama kitako kinahama kwanza alafu ndo msalaba unafuata, umeona huo mchezo, rudisha hiyo kitu kwenye shelfu. Sikiliza pia, bawaba nzuri ikifunga inatoa sauti moja nzito, mbovu inatoa mbili. Na uulize kama ina skrubu ya kuikaza ikichakaa, maana itachakaa, hasa pini ya chuma ikiwa inasugua kwenye alumini tupu.

Faida ya kukunja ambayo watu hawaisemi ni usafi. Kitako kizima chenye sehemu ya shavu uliyoipandisha juu ili jicho lifike kwenye darubini, ukitaka kutoa bolti (kile chuma cha nyuma kinachofunga risasi ndani) inagonga pale kwenye shavu haitoki, mpaka uishushe, na ukiishusha ndo umepoteza kipimo chako. Ya kukunja unakunja, bolti inatoka moja kwa moja, fimbo ya kusafishia inaingia imenyooka kutokea nyuma. Kama chako kizima kina skrubu ya shavu basi chora alama kwa kalamu, au tafuta chenye kikomo cha kurudia urefu ule ule.

Kuhusu hilo la mkono wa mbele kugusa mtutu, chochote utakachonunua kitalimaliza, iwe alumini, iwe faibaglasi ya watengenezaji vitako kama McMillan au Manners. Na hilo ndo litakalokurudishia shabaha yako, bawaba iwepo isiwepo.

Nyota_wa_Boise

Nakazia aliyosema Fundi, niongeze upande wa mashindano maana mimi nashiriki yale ya mtindo wa PRS (Precision Rifle Series), ya kupiga shabaha za mbali kwa kuhesabiwa muda.

Kaka, kwenye mashindano sijawahi kuona mtu anakunja kitako katikati ya kazi. Unapewa dakika moja na nusu au mbili, unahama kutoka kwenye kizuizi kwenda kwenye tairi kwenda kwenye paa la mbao, bunduki iko wazi muda wote. Kinachohesabika pale ni mizani. Tunataka bunduki ikae yenyewe juu ya mfuko mdogo ukiiweka inchi chache mbele ya magazini, ukiiachia isiangukie nyuma. Bawaba ni chuma kimewekwa nyuma, inavuta uzito nyuma kule ambako hatutaki, utalazimika kuongeza vyuma mbele kuirudisha. Kwa bunduki ya mashindano tu ambayo uzito unatafutwa sio shida, unaongeza na maisha yanaendelea. Kwa yako ya kupanda nayo mlima hiyo ni adhabu mara mbili, robo kilo hivi ya bawaba na robo nyingine ya kuifidia.

Ila kuna sehemu moja ya kukunja inanifanya niipende kwa moyo wote, nayo ni ndege. Bunduki ya mtutu wa inchi 24 ikiwa nzima ni kama inchi 44, sanduku lake linaenda hadi 48 au 50 ukijumlisha sponji. Mashirika mengi ya huku yanapima mzigo wa kawaida kwa kujumlisha urefu, upana na kina, visizidi inchi 62, na uzito pauni 50. Sanduku la inchi 50 hapo umeshatoka, inategemea na shirika, mengine yana kanuni ya vifaa vya shabaha yanakuachia, mengine yanakulipisha, na anayeamua ni mhudumu wa kaunta asubuhi hiyo. Ukikunja inabaki kama inchi 35, unatoa sailensa, inaingia kwenye sanduku la inchi 40 kwa 15 kwa 6, jumla 61. Juu yake haijionyeshi kama sanduku la bunduki. Bado lazima uitangaze kaunta, haina risasi, sanduku gumu limefungwa kufuli, ufunguo unabaki nao wewe, hilo halibadiliki. Lakini kama unasafiri kwa ndege kila msimu hiyo bawaba inajilipa. Kama Raton unaenda kwa gari, kaka, hiyo hela nunua risasi.

Kiprono_Montana

Sasa buda, mimi naongea ya uwindaji tu, mashindano siyajui sana.

Ukiwa mlimani na mkoba, bunduki ndefu imefungwa ubavuni inatoka juu ya kichwa, kila tawi la msonobari linaikamata, unainama inakamata, unapita chini ya mti ulioanguka inakuvuta nyuma. Ikikunjwa inaishia pale mabegani, unapita. Hiyo ni raha, siwezi kukataa. Lakini elki hangojei. Unatokea ukingoni saa kumi na mbili asubuhi wako yadi 300 wanakula, ukimya hata pumzi yako unaisikia, sasa wewe utoe bunduki kwa mkoba, uikunjue, na ile bawaba ilie kwa sauti. Unaweza kuishika kwa kiganja uifunge polepole lakini vidole viko na baridi na hizo nyingi zinataka zisukumwe kwa nguvu ndio zijifunge vizuri, na ukiisukuma nusunusu haijafunga, unapiga hivyo inakunjika kwa bega. Kuna jambo pia watu hawafikirii, maji. Mvua inanyesha jioni, usiku inaganda, asubuhi ile kitufe ya bawaba imeshika barafu. Ukichagua ya kukunja ikaushe ukifika kambini na usiijaze grisi nzito, grisi ikipata baridi inakuwa ngumu.

Mimi nabeba kitako kizima cha kaboni, chepesi, na nikiwa karibu na pahali wanyama wako bunduki haiko kwa mkoba, iko kwa mkono. Wewe pima, masaa mangapi utakuwa unatembea tu na masaa mangapi utakuwa unawinda.

Na ukikunja, jua inakunjika upande gani. Ikikunjika kushoto bolti inabaki wazi upande wa kulia na inakwaruzana na mkoba, inaweza hata kuinuka. Ikikunjika kulia ile mwili ya kitako inafunika mkono wa bolti na kuushikilia. Kwa mlima, ya kulia.

PH_Arusha

Shikamooni wakubwa, vijana mambo. Nimeisoma hii nikiwa Arusha, naongoza wageni wa uwindaji. Huku kwetu hiyo mada haina mjadala mkubwa. Bunduki za wanyama wakubwa ni .375 H&H kwenda juu, nyati unampiga karibu sana, na vitako ni vya mti au sintetiki, vizima. Teke la .375 ni kubwa, sioni kwa nini uweke kiungo kinachoweza kulegea kati ya mwili wa bunduki na bega lako wakati nyati kajeruhiwa yuko kwenye majani. Ila nimeona wageni wa swala na pofu wakija na za kukunja za 6.5 na .300, zinapiga vizuri tu. Shida yetu ni vumbi. Kutwa nzima kwenye Landkruza, lile vumbi jembamba linaingia kwenye bawaba, linachanganyika na mafuta linakuwa kama msasa. Mwenye ya kukunja namwambia kila jioni aifute kwa kitambaa kikavu na brashi ya meno, asipake mafuta. Na huko New Mexico nasikia vumbi lipo pia.

Mwanachuo_Ohio

Samahani naingilia kidogo wakuu, mimi nina viza ya mwanafunzi, hivi na mimi naweza kununua hata ya kujifunzia? Chuo tuna marafiki wanaenda renji (uwanja wa shabaha) kila wikiendi.

FundiMitutu_TX

Mdogo wangu umefanya la maana kuuliza kabla. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki au hata kushika bunduki na risasi, na kushika renji nako kunahesabika. Kuna vighairi, kinachotumika zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo, na lazima iwe haijaisha muda. Mwenye grini kadi yeye hana katazo hilo. Kosa lake ni la jinai na linaweza kukufukuzisha nchi, kwa hiyo kabla hujagusa chochote ongea na wakili wa uhamiaji, usimsikilize rafiki wa chuo wala mimi.

Msukuma_Colorado

Wakuu asanteni sana, nimeisoma yote mara mbili. Ndege sipandi na bunduki, Raton ni gari. Da Nyota hapo kwenye mizani umenifungua macho, na Kip umenitisha na hiyo barafu. Nimeelekea kwenye kitako kizima, faibaglasi yenye bloku ya alumini ndani inayoshika mwili wa bunduki, shavu la kupandisha lenye kikomo kama alivyosema Fundi. Mlimani nitaifunga bunduki wima katikati ya mkoba isitoke ubavuni. Swali la mwisho Fundi, nikikipata nafunga mwenyewe au nilete kwako?

FundiMitutu_TX

Chenye bloku ya alumini unafunga mwenyewe nyumbani, kinachotakiwa ni bisibisi ya kupima mkazo, usikisie kwa mkono. Weka skrubu zote mbili kwa vidole kwanza, simamisha bunduki wima kitako kikiwa chini sakafuni ili ile lagi ya nyuma ya mtutu, kile chuma kinachopokea teke, ikae imelalia ukuta wake, alafu kaza ya mbele kidogo, ya nyuma kidogo, ukibadilishana mpaka ufike inchi-pauni 65, au kipimo alichoandika mtengenezaji kama ni tofauti, fuata chake. Ukimaliza chukua noti ya dola ipitishe chini ya mtutu kutoka mbele mpaka karibu na mwili, ikikwama popote usipige hata risasi moja, nitumie picha. Ikipita, piga risasi 5 za taratibu yadi 100, acha mtutu upoe, rudia, alafu hakikisha tena mkazo wa skrubu kabla hujashuka Raton.